Namna ya Kuandaa Simulizi ya Maisha ya Farasi Bingwa kwa Wasikilizaji wa Tanga

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwalimu, kiongozi wa klabu ya vijana au msimamizi wa maktaba mjini Tanga anayetaka kuandaa simulizi ya saa moja kuhusu farasi wa mashindano aliyepata kuwa bingwa, mbele ya watu ambao wengi wao hawajawahi kumwona farasi akienda shoti kwa macho yao. Kazi hiyo inawezekana, tena ni kazi nzuri, kwa kuwa ndani ya maisha ya mnyama mmoja mna biashara, tiba, nasaba, kazi za mikono na hesabu za kasi, mambo ambayo kijana wa Ngamiani au Chumbageni atayafuata hadi mwisho iwapo msimulizi atamletea kwa vipimo anavyovijua. Simulizi nyingi za farasi mashuhuri huharibiwa na sifa: msimulizi husema farasi huyo alikuwa na kasi ya ajabu, alipendwa na wote, hakuwa na mfano, na msikilizaji huondoka bila kushika jambo hata moja. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, ambao nitaurudia kila hatua, ni kuziweka sifa kando na kuwapa wasikilizaji vipimo na kazi za watu.

Anza kwa kuchagua farasi mmoja tu, na umchague kwa ukamilifu wa kumbukumbu zake. Eclipse, kwa mfano, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1764 wakati wa kupatwa kwa jua, alishinda mbio zote 18 alizoshiriki na uzao wake ndio uliotawala farasi wa mashindano wa leo, lakini habari za maisha yake ya kila siku ni chache mno kujaza saa moja. Mimi napendekeza Secretariat wa Marekani, ambaye mwaka 1973 alitwaa Triple Crown, yaani mashindano matatu makubwa ya farasi wenye umri wa miaka mitatu: Kentucky Derby, Preakness Stakes na Belmont Stakes. Hakuna farasi aliyekuwa ameyashinda yote matatu tangu Citation mwaka 1948. Muda wa mbio zake uliandikwa, picha zake zipo, na watu waliomhudumia wanajulikana kwa majina, kwa hiyo ndiye nitakayemtumia kama mfano katika mwongozo huu wote.

Hatua inayofuata ni kuziandika tarehe kwenye karatasi moja kabla hujaandika sentensi yoyote ya simulizi. Secretariat alizaliwa tarehe 30 Machi 1970 katika shamba la The Meadow, jimbo la Virginia, baba yake akiwa Bold Ruler na mama yake Somethingroyal. Alishindana kwa mara ya kwanza tarehe 4 Julai 1972 huko Aqueduct, New York. Alishinda Derby tarehe 5 Mei 1973, Preakness tarehe 19 Mei na Belmont tarehe 9 Juni. Mbio zake za mwisho zilikuwa tarehe 28 Oktoba 1973 huko Woodbine, Kanada. Na alikufa tarehe 4 Oktoba 1989. Ukiitazama karatasi hiyo utaona jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita: maisha ya miaka 19 yalikuwa na mashindano ya miezi 16 tu. Anayetumia saa nzima kuelezea siku moja ya Juni amesimulia mbio, hajasimulia maisha. Andika pia pembeni kwamba farasi wa mashindano wa upande wa kaskazini mwa dunia huhesabiwa kuongeza mwaka kila tarehe 1 Januari, haidhuru alizaliwa mwezi gani, la sivyo atatokea kijana hodari wa hesabu na kukuuliza mnyama wa Machi 1970 aliwezaje kuitwa wa miaka mitatu mwezi Februari 1973.

Baada ya tarehe, tenganisha yaliyoandikwa rasmi na yanayosimuliwa tu. Secretariat alivuka mstari akiwa mbele mara 17, lakini ushindi wake rasmi ni 16 katika mbio 21, kwa sababu mwaka 1972, katika mbio za Champagne, waamuzi walimshusha hadi nafasi ya pili kwa kosa la kumsukuma mwenzake. Muda wake wa Preakness ulibishaniwa kwa miaka 39: saa ya umeme ya uwanjani ilionyesha dakika 1 na sekunde 55, wapima muda wengine wakapata muda pungufu kidogo, na mwaka 2012 tume ya mashindano ya jimbo la Maryland ilipitia upya picha za video na kuandika dakika 1 na sekunde 53. Moyo wake nao umevuma sana. Daktari wa mifugo Thomas Swerczek, aliyempasua baada ya kufa, alikadiria kuwa ulikuwa na uzito wa kilo 10 hivi, zaidi ya mara mbili ya moyo wa farasi wa kawaida, lakini haukuwekwa kwenye mizani. Mbele ya wasikilizaji wako sema wazi kwamba ni makadirio ya daktari mzoefu. Neno "alikadiria" halipunguzi utamu wa habari hiyo hata kidogo, na linamfundisha kijana kuuliza namba imetoka wapi.

Sasa tunafika kwenye vipimo, na hapa ndipo ningetumia nguvu nyingi kuliko mahali pengine popote. Secretariat alishinda Belmont kwa kumwacha wa pili nyuma kwa urefu wa farasi 31. Maneno hayo hayana maana kwa mtu ambaye hajui farasi ana urefu gani. Katika mbio, urefu huo hukadiriwa kuwa karibu mita 2.4, kwa hiyo pengo lilikuwa mita 75 hivi. Nunua kamba ya mkonge, ambayo katika mji wetu haihitaji kutafutwa mbali, upime mita 75, na ufunge fundo katika kila mita 2 na sentimita 40 hadi ufikishe mafundo 31. Wapeleke wasikilizaji nje, kwenye uwanja wa wazi kama Tangamano au ufukweni wakati maji yamekupwa, uinyooshe kamba ardhini, na umsimamishe mtu mmoja katika kila fundo. Mtu aliye mwanzo wa kamba ndiye mstari wa kumalizia. Aliye fundo la mwisho ndiye Twice a Prince, farasi wa pili, akiwa bado njiani wakati mshindi amekwisha kupita. Waache wasimame hivyo kwa muda na watazamane. Wakirudi ndani, waonyeshe ile picha mashuhuri ya mpanda farasi Ron Turcotte akigeuza kichwa kushoto kutazama ubao wa muda, huku wapinzani wakiwa mbali sana nyuma yake. Baada ya kamba, picha hiyo haitahitaji maelezo.

Kasi nayo ipimwe kwa namna hiyo hiyo. Belmont ni mbio za maili moja na nusu, yaani mita 2,414, na Secretariat alizimaliza kwa dakika 2 na sekunde 24, muda ambao hadi sasa hakuna farasi aliyeupita kwa umbali huo kwenye uwanja wa udongo. Ukigawanya, utapata wastani wa kilomita 60 kwa saa, wakati sheria yetu ya barabarani huruhusu gari kilomita 50 tu kwa saa katika maeneo ya makazi. Ili umbali uonekane, mwombe mwendesha bodaboda ambaye mita yake inafanya kazi apime kilomita 2 na mita 400 kuanzia mlangoni penu, kisha uwaambie wasikilizaji mbio zingeishia wapi. Tanga ni mji wa baiskeli, kwa hiyo vijana wengi watajua bila kuambiwa zaidi wao wenyewe huchukua dakika ngapi kufika hapo.

Zoezi la tatu ni la makofi, nami nalipenda kuliko yote kwa kuwa linaeleza jambo ambalo maneno hushindwa kulieleza. Derby ni mbio za mita 2,012, na waandishi wa mashindano huzigawa katika vipande vitano vya mita 402. Farasi wa kawaida huanza kwa kasi na kuchoka kadiri anavyosonga mbele. Secretariat alikwenda kinyume: kipande cha kwanza kilimchukua sekunde 25.2, cha pili 24, cha tatu 23.8, cha nne 23.4 na cha tano 23. Chukua simu yenye saa ya kupimia, uwaambie wasikilizaji wapige kofi moja kila kipande kinapokwisha, na utamke namba kwa sauti. Watasikia nafasi kati ya makofi ikipungua. Jumla ni dakika 1 na sekunde 59.4, na hiyo bado ni rekodi ya Derby. Mwishowe, kwa kimo, weka alama ya chaki kwenye mwimo wa mlango kwa urefu wa mita 1 na sentimita 68: hapo ndipo palipofika mabega yake, na shingo na kichwa vilikuwa juu zaidi.

Msikilizaji akishapata vipimo, atauliza kwa nini mnyama huyu ni mgeni kwetu. Usilikwepe swali hilo, maana ndilo linaloiunganisha simulizi na mji huu. Kwanza, farasi si mgeni kabisa: kila mtoto aliyepita madrasa za Tanga amehifadhi Suratul Aadiyat, ambayo inaanza kwa kiapo cha farasi wanaokwenda mbio wakihema na kutoa cheche kwa kwato zao, na walimu wengi wanaijua habari ya Mtume kushindanisha farasi kutoka Hafya hadi Thaniyatul Wadaa. Farasi wa mashindano wa leo wametokana kwa kiasi kikubwa na madume ya nchi za Mashariki yaliyopelekwa Uingereza. Mmojawapo, Darley Arabian, alinunuliwa Halab, Syria, na kufika Uingereza mwaka 1704, na Secretariat ni wa ukoo wake kwa upande wa baba. Kinachomzuia farasi kwetu ni maradhi. Mbung'o hueneza nagana, ugonjwa unaodhoofisha na kuua farasi haraka, na hiyo ni sababu kubwa ya mizigo ya misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo na Pangani kubebwa na wapagazi kwa vichwa na mabega. Hapo ongeza sifa ya Tanga inayosahauliwa: mbung'o madume waliofanywa tasa kwa mionzi, ambao waliachiwa Unguja kwa ndege kuanzia mwaka 1994 hadi kisiwa kikatangazwa kuwa huru na mbung'o mwaka 1997, walizalishwa katika kituo cha utafiti kilicho hapa Tanga. Walikuwa zaidi ya milioni 8. Mwenyeji wa kituo hicho akiweza kuja kuzungumza kwa dakika kumi, simulizi yako itakuwa imepata hazina.

Katika sehemu ya watu, panga majina kwa kazi zao. Mmiliki alikuwa Penny Chenery, mwanamke aliyelichukua shamba la baba yake mgonjwa katika biashara iliyoshikwa na wanaume. Kocha alikuwa Lucien Laurin. Mpanda farasi Ron Turcotte, wote wawili, Laurin na Turcotte, wakiwa wenyeji wa Kanada. Kisha mpe nafasi ya kutosha Eddie Sweat, saisi wake, Mwamerika Mweusi kutoka Holly Hill, South Carolina. Saisi ndiye aliyemwogesha farasi, akamlisha, akazifunga bendeji na kuzifungua, akapapasa miguu kila siku kutafuta joto lisilo la kawaida, kwa kuwa joto kwenye mguu wa farasi ni dalili ya kwanza ya jeraha. Mwambie msikilizaji jambo hilo la kupapasa, na ikiwezekana umwombe mtu anayefuga punda aonyeshe jinsi anavyoinua mguu wa mnyama na kukagua kwato; vijana watatambua ujuzi huo mara moja. Kuna sanamu ya shaba katika bustani ya Kentucky Horse Park inayomwonyesha farasi, Turcotte akiwa mgongoni, na Sweat akiwa ameshika hatamu. Kwa maoni yangu simulizi isiyomtaja saisi haijakamilika, hata kama ina takwimu zote.

Suala la fedha lina sehemu mbili, na katika mji wenye Waislamu wengi kama wetu linahitaji uangalifu. Sehemu ya kwanza ni biashara. Baba yake Penny Chenery alifariki Januari 1973, na familia ikahitaji fedha za kodi ya mirathi. Kwa hiyo, kabla ya ushindi wa Triple Crown, haki za kumtumia farasi kwa uzazi ziliuzwa kwa hisa 32, kila hisa dola 190,000, jumla dola 6,080,000. Vijana waliokulia karibu na vyama vya ushirika watauelewa mpango huo bila taabu. Sehemu ya pili ni kamari, ambayo imefungamana na mbio hizo Marekani. Usiifiche wala usiipambe. Sema kwamba ipo, kwamba dini na wazazi wa hapa wanaikataza, na kwamba simulizi yako inahusu mnyama na watu waliomtunza. Inatosha kutaja tiketi 5,617 za ushindi wa Belmont ambazo hazikurudishwa dirishani kudai malipo, nyingi zikiaminika kuhifadhiwa kama kumbukumbu.

Usiruke kushindwa kwake. Katika mbio zake za kwanza aligongwa mwanzoni na akamaliza wa nne. Wiki mbili kabla ya Derby alishindwa katika Wood Memorial, akawa wa tatu, huku akiwa na jipu mdomoni, mahali ambapo lijamu hukaa. Mtu yeyote aliyepata kutembea na jino bovu atajua kwa nini farasi alikataa kuvutwa. Miezi miwili tu baada ya Belmont alishindwa na Onion, farasi ambaye hakuwa na jina kubwa, na mwezi Septemba akashindwa na Prove Out. Wote wawili walikuwa na kocha mmoja, Allen Jerkens. Simulia hayo kabla ya ushindi wa Belmont au baada yake, upendavyo, lakini usiyaweke mwishoni kama nyongeza.

Kuhusu urithi wake, hapa ndipo usahihi unahitajika zaidi. Secretariat alipelekwa shamba la Claiborne, Kentucky, Novemba 1973, na watu walitarajia madume wanaofanana naye. Alizaa mabingwa, miongoni mwao Risen Star aliyeshinda Preakness na Belmont mwaka 1988, na jike Lady's Secret aliyekuwa Farasi wa Mwaka 1986, lakini hakuna mwanawe aliyemfikia. Nguvu yake ilipita kwa mabinti. Weekend Surprise, binti yake, alimzaa A.P. Indy, mshindi wa Belmont wa mwaka 1992. Binti mwingine, Terlingua, alimzaa Storm Cat. Na wa tatu, Secrettame, alimzaa Gone West. Hao wajukuu watatu wakawa mababa wakubwa katika fani, na damu ya Storm Cat imo ndani ya American Pharoah, aliyetwaa Triple Crown mwaka 2015 baada ya miaka 37 bila mshindi. Chora nasaba hiyo ubaoni kwa mistari michache, ukiwaweka majike kwa chaki ya rangi tofauti, kisha uwaachie wasikilizaji waifuate wenyewe hadi mwaka 2015. Usiongeze majina mengine. Ubao wenye majina 20 haumsaidii mtu.

Kifo chake kisimuliwe kwa ufupi na kwa adabu. Aliugua ugonjwa wa kwato ambao tishu zinazoushikamanisha mfupa na ukuta wa kwato huvimba na kuachia, mnyama akapata maumivu makali kila anaposimama, na kwa kuwa farasi hawezi kulala chini kwa muda mrefu bila madhara mengine, matibabu yakawa magumu. Baada ya wiki kadhaa bila nafuu, alichomwa sindano ya kumpumzisha. Desturi ya Marekani kwa farasi wa aina yake ilikuwa kuzika kichwa, moyo na kwato tu. Yeye alizikwa mwili mzima. Ikiwa wasikilizaji wako ni watoto wa shule ya msingi, eleza ugonjwa, eleza uamuzi wa daktari, na uwape nafasi ya kuuliza papo hapo badala ya kusubiri mwisho.

Katika kugawa saa yako, tumia dakika 20 nje kwa kamba, 10 kwa makofi na chaki, 10 kwa saisi na mbung'o, na zilizobaki kwa nasaba, kifo na maswali. Mazoezi ya nje yafanyike asubuhi au baada ya Alasiri, jua likiwa limepungua, na kamba ikunjwe na watu wawili kuanzia fundo la mwisho ili isijisokote. Kila anayeondoka apewe nakala ya karatasi ya tarehe, na upande wa nyuma ziandikwe namba tano za Derby, ili akifika nyumbani aweze kulifanya zoezi la makofi pamoja na wadogo zake.